Mzamiaji akipata shida chini ya maji ufanye nini: kwa vijana wanaoongoza wageni Msimbati, Mikindani na Kilwa

Naandika hii kwa vijana wetu wanaoanza kuongoza wazamiaji huku kusini, wa Msimbati, wa Mikindani, hata wa Kilwa Masoko kule Lindi, maana wengi wana vyeti na maji wanayajua toka watoto ila siku mgeni akianza kuhangaika mita 15 chini unakuta kijana ameduwaa, na kule chini sekunde 20 za kuduwaa ni nyingi sana.

Kitu ninachotaka ukishike ni hiki: shida kubwa ya chini ya maji karibu kila mara ilianza ndogo, na ilikuwa inaonekana dakika mbili tatu kabla. Inaonekana kwenye macho, kwenye mapovu, kwenye mikono. Mtu aliyekufa na hewa kwenye mtungi hakuuawa na maji kuingia kwenye miwani, aliuawa na kukimbilia juu baada ya maji kuingia kwenye miwani. Kwahiyo kazi yako wewe kiongozi sio kuonyesha samaki, samaki wataonekana tu, kazi yako ni kuangalia watu.

Hatua ya kwanza iko mchangani, kabla hata mtungi haujabebwa

Kaa na nahodha kwanza. Muulize maji yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, na leo ni bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yale madogo yasiyo na nguvu. Wazee wetu wanahesabu hizi siku kwa mwezi na hawakosei, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu bamvua linakuwa kali, maji yanaingia na kutoka Ghuba ya Mnazi kwa nguvu kweli, na yakiwa yanatoka yanakupeleka bahari kuu. Panga uzame maji yakikaribia kusimama, na kama huna uhakika zama yakiwa yanajaa, bora mkondo ukusukume ndani kuliko nje. Kumbuka pia sisi tupo pale ambapo ule mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki unagonga pwani na kugawanyika, mmoja unapanda kaskazini mwingine unashuka Msumbiji, kwahiyo upande wa nje wa mwamba maji hayatabiriki kama ndani ya ghuba. Na miezi ya mvua Mto Ruvuma unamwaga tope, unaweza ukakuta hapo ulipoona mita 20 wiki iliyopita leo huoni mapezi ya mwenzako.

Alafu watu. Usiwaulize kwa pamoja "kuna mwenye tatizo?" maana hakuna atakayejibu. Mtu mzima hawezi kusema anaogopa mbele ya vijana, na mume hawezi kusema mbele ya mkewe, ndo tulivyo. Mchukue kila mmoja pembeni wakati unamfunga mkanda wa risasi, yaani ile mizigo ya madini mazito inayomsaidia kushuka, muulize polepole mara ya mwisho alizama lini, amelala saa ngapi, ana mafua, anatumia dawa gani. Mwenye mafua hashuki. Hata akisema amemeza kidonge pua imefunguka, hashuki, kwa sababu dawa inaweza kuisha nguvu akiwa chini na hewa ikakwama kwenye sikio wakati wa kupanda.

Kitu kingine ambacho huku kwetu ni lazima ukirudie mara tatu ni ishara ya dole gumba. Mtaani dole gumba juu maana yake poa, safi, chini ya maji maana yake NATAKA KUPANDA. Mgeni wa mara ya kwanza anakuonyesha dole akiwa anafurahi kabisa, na wewe unamaliza safari ya watu sita bure. Au vibaya zaidi, umezoea kuona watu wakikosea mpaka siku mtu anaomba kupanda kweli we unadhani anasema poa. Poa ni duara la kidole cha shahada na gumba. Kiganja kinachotikisika ni shida, na baada ya hapo aelekeze kidole penye shida. Mkono unaokata koo ni hewa imekwisha. Waambie wafanye wote mbele yako, sio uonyeshe wewe tu wao watikise kichwa.

Hatua ya pili, kushuka

Hapa shida ni masikio. Ukifika mita 10 presha imeshakuwa mara mbili ya ile ya juu, na mabadiliko makubwa zaidi yapo kwenye hizo mita chache za mwanzo, kwahiyo hapo hapo ndo masikio yanauma. Azibue kabla ya kusikia maumivu, kila mita, abane pua na kupuliza taratibu. Ikigoma asilazimishe, mpandishe mita moja au mbili, ajaribu tena, akiweza mshuke polepole mno. Ikigoma mara ya tatu leo basi, mnarudi nae, na usimwachie kijana asiye na uzoefu ampeleke. Kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio, maji ya baridi yakiingia mule mtu anazungukwa na kizunguzungu hajui juu ni wapi chini ni wapi. Ikitokea hivyo mshike jaketi, lile la kujazwa hewa la kuelea, kwa nguvu, mwekee mkono kwenye jiwe, angalia nae macho mpaka kitulie, kwa kawaida kinapungua maji yakishapata joto la mwili.

We shuka ukiwa umewatazama, kinyumenyume, usishuke umewapa mgongo.

Hatua ya tatu, soma mapovu

Mtu aliyetulia anatoa mapovu, kimya kidogo, alafu mapovu tena. Mtu anayeanza kuingiwa na hofu mapovu yanakuwa mfululizo hayana nafasi. Macho yanakuwa makubwa. Haangalii samaki, anaangalia juu. Mikono inaanza kupiga maji, au inagusagusa miwani, inagusa regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, inarudi kwenye miwani. Ukiona hivyo usisubiri akupe ishara, mfuate wewe.

Nitoe mfano mmoja. Kulikuwa na dada mmoja mwalimu, kwa kazi yake ni mtu mwenye sauti, anayejiamini, tulikuwa kama mita 12 ndani ya ghuba mahali pa mchanga na matumbawe ya duara. Nikageuka nikaona ameacha kupiga mapezi. Maji yalikuwa yameingia kwenye miwani nusu, usawa wa macho, na mle ndani niliona kope zake zinapepesa kwenye maji. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kamba ya miwani nyuma ya kichwa. Hiyo ni ishara mbaya kuliko zote, mtu akishika kamba nyuma anataka kuivua, akiivua maji yanaingia puani, akisikia maji puani atatema regyuleta. Sikumshika mkono wake kwanza. Nilibana regyuleta yake mdomoni kwa kiganja changu cha kulia, cha kushoto nikashika kamba ya jaketi lake kifuani, nikamsogelea mpaka miwani yetu ikakaribiana, nikafanya ishara ya kupumua, mkono kutoka kifuani kwenda mbele, taratibu, taratibu. Pumzi ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili fupi. Ya nne ikawa ndefu. Baada ya hapo ndo nikamwonyesha, bonyeza juu ya miwani kwenye paji, tazama juu, puliza kwa pua. Maji yakatoka. Yote haikufika dakika moja ila mimi niliiona ndefu. Tulivyofika kwenye boti akaniambia, "Kaka, mimi nilikuwa naenda juu." Nikamwambia najua dada, nilikuona.

Mpangilio wake ni huo huo kwa shida karibu zote: asimame, apumue, afikiri, ndo atende. Na wewe pia. Kabla hujagusa kifaa chochote rudisha pumzi yake kwanza, maana mtu asiyepumua vizuri hata umwelekeze nini hasikii.

Kwa nini nakazania asikimbilie juu? Kutoka mita 10 mpaka juu hewa iliyo kwenye mapafu inakuwa mara mbili. Akibana pumzi mapafu yanaweza kuchanika, na haihitaji kina kirefu, hata mita moja au mbili za mwisho zinatosha kumuumiza mtu aliyejaza mapafu na kufunga koo. Kama mtu ameshaanza kupanda kwa kasi na umemshika mguu au jaketi, mtolee hewa kwenye jaketi lake, tanua mikono na miguu yako upunguze mwendo, na mwonyeshe apumue nje. Ukishindwa kumzuia mwachie. Usipande nae kwa kasi hiyo ukaumia wewe, boti itakuwa na wagonjwa wawili na haina kiongozi.

Hewa

Hii ifanye kwa hesabu kabla hujafika baharini. Mtungi wa lita 12 ukibaki na bar 50, bar ni kipimo cha presha ya hewa, una lita 600. Mtu mwenye hofu anavuta kama lita 30 kwa dakika akiwa juu, mita 20 chini ni mara tatu, yaani lita 90. Wawili mnapumulia mtungi mmoja ni lita 180 kwa dakika. Weka dakika moja ya kukamatana na kuelewana, hapo lita 180 zimeenda. Weka dakika mbili na kidogo za kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, zingine kama 260. Umebakiwa na kama lita 160, na ule muda wa kusimama mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka, mwili utoe naitrojeni, mkiwa wawili unataka lita 270. Haitoshi. Ndo maana mi nageuza safari mtu wa kwanza akifika bar 100, na bar 50 inaingia kwenye boti, hailiwi chini. Na muulize kila mtu geji yake ya hewa inasemaje mapema, kwa wenye mwili mkubwa na wageni kila dakika tano, wasikungoje wao wakuambie.

Mtu akikuonyesha ishara ya kukata koo usianze kumkagua geji. Mpe regyuleta yako ya akiba, ile ya rangi ya njano, ikiwa imeelekea mdomo wake, na mkono wa pili mshike jaketi. Akikunyang'anya ile ya mdomoni mwako, na wengi ndo wanafanya hivyo kwa sababu ndo inayotoa mapovu wanaiona inafanya kazi, mwachie, chukua ya akiba wewe. Ndo maana ya akiba lazima iwe kifuani imefungwa mahali unapoishika gizani, sio inaburuzika kwenye mchanga nyuma yako. Pumueni mara tatu nne, onyesha ishara ya kupanda, mpande mkiwa mmeshikana macho kwa macho. Kama hewa haitoshi kusimama mita 5 msisimame, pandeni taratibu mtoke.

Mkondo na kupotezana

Mkondo unaokusogeza mita 30 kwa dakika ukiwa kwenye boti unaudharau, ni mwendo wa mtu anayetembea polepole kabisa. Ila hakuna mgeni atakayeogelea kinyume nao muda mrefu, atahema, atamaliza hewa, alafu ataogopa. Na ndani ya dakika 10 mko mita 300 mbali na mlipoanzia. Kwahiyo usipigane nao. Shukeni chini karibu na mchanga ambako kwa kawaida unapungua, shikeni mwamba uliokufa, pumzikeni, na kama hauishi acheni uwachukue mkiwa pamoja, toa boya lako la rangi ya chungwa kwa kamba likae juu nahodha awafuate. Kiongozi asiye na boya huku kwetu asiondoke ufukweni, nasema hivyo bila kuzunguka.

Upande wa nje, pale mwamba unapoporomoka kuelekea kina kirefu, kuna siku maji yanashuka na ukuta. Utaona mapovu yenu yanazunguka badala ya kupanda, au yanaenda chini. Shikeni mwamba mpande kwa kuushika, na kama mmeshatoka kwenye ukuta ogeleeni mbali nao, sio juu. Msijaze jaketi hewa nyingi kwa pupa, maana mkondo ukiwaachia ghafla mtaruka juu kama kifuniko cha soda.

Mtu akipotea: simamisha wote, geuka mzunguko mzima, tafuta mapovu juu na chini, gonga mtungi. Dakika moja tu. Usipomuona pandeni wote kwa mwendo wa kawaida mkakutane juu. Waambie sheria hii mchangani, kwamba aliyepotea nae atafute dakika moja apande, la sivyo nyie mko juu yeye yuko chini anawatafuta. Na nahodha ahesabu vichwa. Nahodha wangu anahesabu kwa kugusa mitungi iliyorudi, hataki kuambiwa namba kwa mdomo.

Akishaingiwa na hofu juu ya maji

Hapa viongozi wengi wameumizwa. Mtu anayezama kwa hofu atakupanda kichwani, hajali wewe ni nani. Usimwendee mbele. Jaza jaketi lako kwanza, simama mbali kidogo, mwite kwa jina lake, sauti nzito ya amri, "Jaza jaketi! Angusha risasi!" Mtupie boya au kipande cha kamba toka kwenye boti. Akisikia amri wengi wanatii. Asiposikia zunguka nyuma yake, shika valvu ya mtungi, mjazie jaketi ukiwa nyuma, funguo la mkanda wa risasi livute uangushe. Risasi zinanunuliwa. Akikukumbatia zama nae, wewe shuka chini, yeye hataki kwenda chini, atakuachia.

Mengine nayapitia haraka. Msuli wa mguu ukikaza shika ncha ya pezi ulivute kuelekea goti, ukanyooka, ukande. Kuanzia mita 30 hivi kuna watu wanalewa na naitrojeni, utamuona anacheka au anakodolea geji bila kuielewa, mpandishe mita chache ulevi utatoka wenyewe. Kiwavi wa bahari akimwasha mtu osha kwa maji ya bahari, sio maji ya kisima, na usimsugue na mchanga. Aliyechomwa na mwiba wa samaki mwenye sumu loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto ambayo wewe umeyajaribu kwa mkono wako, yasizidi nyuzi 45, nusu saa mpaka saa moja na nusu, na apelekwe hospitali.

Ila hili la baruti siwezi kulipitia haraka. Uvuvi wa mabomu ulitutesa Mtwara miaka mingi, umepungua sana lakini sikio lako libaki wazi. Sauti kwenye maji inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, kwahiyo huwezi kujua imetokea upande gani wala umbali gani. Ukisikia mlipuko, hata wa mbali, safari imekwisha. Kusanya watu, pandeni kwa mwendo ule ule wa mita 9, msikimbie kwa hofu, mkifika juu ingieni botini wote mara moja. Mawimbi ya mlipuko yanaumiza mapafu na masikio kwenye maji vibaya kuliko nchi kavu, na wa pili unaweza kuja.

Hatua ya mwisho inaanza wakati kila mtu anadhani imekwisha

Mtu akitoka majini hana fahamu, muda wote akili yako iwe kwenye pumzi. Mdomo juu ya maji, mpulizie pumzi za kuokoa kama boti ipo karibu na unaweza, mtoe haraka, na kwenye boti asipopumua bonyeza kifua mara 30 kisha mpulizie pumzi 2, bila kukata, mpaka mpate msaada. Mwingine afungue oksijeni.

Ugonjwa wa kupanda haraka, ule wa mapovu ya naitrojeni, hauji na kelele. Unakuja na "nimechoka tu", "bega linauma, nililala vibaya", ganzi kwenye vidole, ngozi inawasha, kizunguzungu, mkojo unagoma. Wengi wanaonyesha ndani ya saa 24. Akisema chochote kati ya hivyo usibishane nae na usisubiri: mlaze chali, oksijeni safi lita 15 kwa dakika kwa barakoa, maji ya kunywa kama yuko macho na hatapiki. Hata akisema amepona usiizime. Asirudishwe majini eti apone huko, hiyo tabia ipo na inaua. Andika kwenye karatasi amezama saa ngapi, kina gani, mara ngapi, amepandaje, oksijeni imeanza saa ngapi, na kompyuta yake ya kuzamia, ile ya mkononi, iende nae. Mpeleke hospitali hapa Mtwara wamwangalie wakati unapiga simu ya dharura ya bima ya wazamiaji. Chemba ya presha, chumba cha kutibia ugonjwa huu, haiko hapa, kwahiyo safari ni ndefu na lazima daktari wa uzamiaji aseme anasafiri vipi, maana ndege ya kawaida ikipanda juu inamzidishia. Kwa ajili hiyo pima mtungi wa oksijeni kwa hesabu ya barabara ya Msimbati mpaka mjini, mbovu, na mvua ikinyesha, usiupime kwa hesabu ya siku nzuri.

Wazima nao, aliyezama mara moja akae saa 12 kabla ya kupanda ndege, aliyezama zaidi ya mara moja au siku mfululizo saa 18. Wanaorudi Dar kwa ndege ya asubuhi waulize mapema, siku ya kwanza, tiketi yao ni ya lini.

Jioni mpigie kila mmoja, au mtumie ujumbe wa sauti, muulize mikono, magoti, mgongo, kichwa. Asubuhi tena. Yule dada mwalimu nilimpigia saa mbili usiku akaniambia yuko salama ila sikio la kushoto linalia kidogo, nikamwambia kesho asizame, akakaa kwenye boti na nahodha wakiwahesabu wengine.